Kutafuta Mchezo Usiokula Mkwe

Mimi subira sina, na sijawahi kusema ninayo. Kwa hiyo mama yangu alipokaa kwangu anakula jikoni peke yake, anatoka mlango wa nyuma kama amekuja kuomba chumvi, nilijua nitapasuka tu.

Mama alikuja kutoka Majimoto na mkono uliovunjika. Aliteleza kisimani, akalala pale kwenye tope mpaka mpita njia alipomwona, maana tangu baba afariki anaishi yeye na kuku wake. Hapa Mpanda wakamfunga hogo, mfupa ukaunga, hogo likakatwa. Mimi nikatangaza kwamba Mama harudi tena kule, anabaki kwangu. Yeye akasema anarudi kwake, kaka yangu akipata nafasi aje amchukue. Nikauliza kwa nini. Akaniambia, "Nyumba ya mkwilima si ya kuishi." Mkwilima ndiyo mkwe wa kiume kwa Kisukuma, na neno hilo Mama akilitamka anashusha sauti.

Sasa mume wangu hana neno na mtu. Ni fundi pikipiki, mpole, anacheka kwa mabega bila kutoa sauti. Tatizo ni mila. Kwetu, mama mkwe na mkwilima hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Huko Majimoto nafasi ipo, unakwepana na mtu hata mwaka. Hapa kwangu Kakese, hukuhuku Mpanda, nina sebule, korido na vyumba viwili. Ukikwepa unagonga kabati.

Mume wangu kwao ni Katumba, wazazi wake walitoka Burundi. Na wao wana heshima zao, lakini si za kujificha jikoni. Siku ya kwanza alivyoona Mama anachomoka kwa mlango wa nyuma kila yeye akiingia kwa mlango wa mbele, alininong'oneza, "Mama hanipendi?"

"Anakuheshimu."

"Basi apunguze kidogo."

Baadaye naye akaanza kuchelewa gereji makusudi, ili Mama akae huru. Jamani! Nikawa na nyumba ambayo watu wawili ninaowapenda wanaikimbia kwa zamu, na mimi nimekaa katikati napeleka salamu. Mwambie mkwilima chai iko tayari. Mwambie Mama nimeshiba. Na wote wanasikiana, wako hatua chache tu, pazia la korido ndilo limewatenga.

Aliyeleta wazo la mchezo ni jirani yangu, muuza mitumba, mwanamke ambaye sauti yake haijui kuta. "Wachezeshe," alisema. "Watu wazima wakianza kucheza wanasahau walikuwa wameshika nini." Nikaona ana akili. Jumapili watu wakishatoka kanisani hawana kazi, tutakaa pamoja, tutacheza, Mama atazoea, atabaki. Hesabu ilikuwa rahisi hivyo kichwani mwangu.

Nikanunua ludo. Nilitaka mchezo ambao kila mtu anauelewa haraka, usiohitaji kusoma maandishi, na ambao wanne wanacheza kwa mara moja ili asiwepo wa kukaa pembeni. Kumshawishi Mama kulinichukua siku kadhaa. Mwisho akakubali kwa masharti yake: akae upande upande, uso ukutani, kitenge kichwani mpaka kwenye nyusi, na dadu aletewe mkononi.

Ikaanza vizuri, nakwambia! Mimi, jirani, mume wangu na Mama. Mama akirusha dadu anageuka kidogo, anasogeza kete yake nyekundu, anarudi ukutani. Alipata sita mara mbili mfululizo, nikasikia anacheka mle ndani ya kitenge. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu msiba wa baba. Moyo wangu ulikuwa juu kabisa.

Halafu kete nyekundu ya Mama ikafika nyuma ya kete ya kijani ya mume wangu. Dadu likasema tatu. Hatua tatu zile zilikuwa zinaangukia palepale alipo mkwe. Jirani yangu, aliyekuwa amesisimka mpaka amepiga magoti kwenye kochi, akapiga kelele iliyosikika hadi kwa wauza mkaa: "Mle, Mama! Mle mkweo! Mle!"

Mume wangu alisimama, akakaa, akasimama tena. Mama aliweka dadu chini polepole, akafunga kitenge vizuri, akaenda jikoni. Jioni ile akaniita. "Mpigie kaka yako," alisema. "Mwambie akimaliza kuvuna mpunga aje anichukue."

Nililia, sifichi. Nilikuwa namwona tena kwenye lile tope la kisimani, safari hii hakuna mpita njia. Machozi yalipokwisha nikaenda kwenye uzio nikamwaga maneno kwa jirani yangu bila kupumua.

"Kwani nilisema amle kwelikweli?" alijitetea. "Si ni mchezo?"

"Mama mkwe hata ugali hali mbele ya mkwilima, wewe unamwambia amle mkwilima mwenyewe!"

Alishika mdomo. Akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Na mimi, ingawa nilikuwa nimekasirika, nikacheka mpaka nikashika uzio.

Ndiyo nikaanza kutafuta mchezo usio na kula. Hebu jaribu wewe uone. Drafti, unakula, tena usipokula wanakulazimisha ule. Karata zile za kucheza wawili kwa wawili, anayeshinda mzunguko anakula. Last card, nikafikiri hapo nimepona, mwenzako anakutupia mbili, watu wanaitikia, "Kula hizo!" Keram haina kula, lakini mnainamia ubao mmoja mpaka vichwa vinakaribia kugongana. Nilizunguka maduka yote ya pale sokoni. Muuzaji mmoja akaniuliza, "Dada, ni sharti gani hili, ni la daktari?" Nikamweleza. Akafikiri, akaniambia nijiunge na kwaya.

Nilirudi nyumbani miguu inauma na hasira zimenijaa. Nikasikia sauti nyuma ya jiko. Nikachungulia. Mama alikuwa amekaa chini kwenye vumbi pamoja na jirani yangu, aliyekuja kuomba msamaha na kuleta kitenge cha kutuliza mambo. Mbele yao Mama alikuwa amechimba vishimo kwa kijiko, safu nne, amejaza mbegu za ukwaju. Ni bao la kwetu, sisi tunaliita isolo. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Kwetu watu wanalicheza chini, kwenye ardhi tupu, wakisubiri ng'ombe wanywe maji, na mtu hafikirii kama ni kitu cha kutafutwa dukani.

Mama akagawa mbegu zake, akafika, akazoa mbegu za jirani akazileta upande wake. "Nimeswaga," alisema.

Nikasimama pale pale. "Mama, umesemaje?"

"Nimeziswaga. Ng'ombe zake zimekuja kwangu."

"Huku hamli?"

Alinitazama kama nimeuliza jambo la mtoto. "Nani anakula? Hizi ni ng'ombe. Ng'ombe unaswaga, unapeleka zizini."

Nikachuchumaa karibu yake. "Na ukicheza na mkwilima? Za kwake unaweza kuswaga?"

Mdomo wa Mama ukaanza kucheza. "Ng'ombe za mkwilima?" alisema. "Kwani ng'ombe za mkwilima huwa zinaelekea wapi kama si kwa mama mkwe?"

Jirani yangu alipiga kigelegele. Mimi nilimkumbatia Mama mpaka akalalamikia mkono wake.

Ilibaki shida ya sura. Fundi seremala alinichongea ubao wa mninga, safu nne, mbili za huku na mbili za huku. Jumapili nikauweka juu ya stuli palepale kwenye mlango wa korido, umelala chini ya pazia. Pazia nililibana kwa pini za nguo, likaishia shubiri moja juu ya ubao. Mama akakaa upande wa korido, mume wangu upande wa sebule. Anachoona mmoja kwa mwenzake ni mikono tu. Mama alikagua mpango ule, akavuta pazia hapa na pale kutafuta tundu, akakosa kasoro. Akakaa.

Mume wangu alifungwa siku hiyo, na Jumapili iliyofuata, na nyingine. Alikuwa hajawahi kulicheza na alikuwa anaogopa. Mama alimswaga bila huruma. Habari zikaenea, majirani wakaanza kuja. Wanawake wanajazana korido nyuma ya Mama, wanaume sebuleni nyuma ya mume wangu, kila upande unanong'onezana shimo la kuanzia, halafu kelele. Chai inapita chini ya pazia. Mahindi ya kuchoma yanapita chini ya pazia. Mimi nilisimama mlangoni, maana mazungumzo bado yalipita kwangu. "Mwambie mkwilima amelala, ng'ombe zinaondoka," anasema Mama. Nami nageuka, "Mama anasema umelala." Na mume wangu, ambaye amesikia kila neno, "Mwambie Mama niko macho, ni usingizi wa heshima." Korido nzima inaangua kicheko. Gereji akawa anafunga mapema. Mama akaanza kula vizuri, mashavu yakarudi.

Lakini kuhusu kurudi Majimoto hakubadilisha neno. Nikimuuliza anasema, "Neno nilishalitoa." Na mpunga ukavunwa.

Kaka alifika Jumapili, na pikipiki, bao likiwa katikati. Mzigo wa Mama ulikuwa umeshafungwa tangu asubuhi. Kaka aliuchukua, akaufunga kwenye kiti cha nyuma kwa mpira, akaingia ndani, nikampa chai. Watu walipunguza kelele. Mimi sikuweza hata kupeleka maneno.

Na siku hiyo, kati ya siku zote, mume wangu aliamua kucheza. Kidevu mkononi, anafikiri, hana haraka. Akaswaga. Akafikiri tena, akaswaga. Upande wa Mama ukaanza kuwa na mashimo matupu. Wanaume nyuma ya mume wangu walikuwa wanatazamana. Nilipandwa na hasira. Mtu gani anamfunga mama wa watu siku anayoondoka, tena kwa mara ya kwanza, tena mbele ya ukoo? Nikamkanyaga mguu kwa nguvu. Akausogeza mguu, akaswaga mara ya mwisho. Mama hakuwa na mbegu ya kusogeza.

"Nimemaliza," alisema mume wangu taratibu. Hakucheka. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso, na ndipo nikaelewa kwamba hakuwa anacheza kwa kujionyesha. Mtu huyu alikuwa anaomba, kwa njia pekee iliyokuwa wazi kwake.

Kaka alimaliza chai. "Haya Mama, twende. Barabara ile tuiwahi."

Mkono wa Mama, ule uliovunjika, ulikuwa bado juu ya ubao, vidole vinapita kwenye mashimo matupu kimoja kimoja.

"Niende wapi?" alisema.

"Nyumbani, Mama."

"Na ng'ombe zangu zote ziko kwa mkwilima? Wewe uliona wapi mtu anahama anaacha ng'ombe nyuma?"

"Mama, hizo ni mbegu za ukwaju."

"Kafungue mzigo," Mama alisema. "Na kuku wangu uniletee."

Kaka alitutazama sote. Kisha akacheka, akamwambia mume wangu, "Shemeji, umetuweza," akatoka nje, na tukasikia mpira ukifunguliwa kwenye pikipiki. Jirani yangu alikuwa analia kwa sauti ile ile anayopigia kelele. Mimi nililia kimya, jambo ambalo si kawaida yangu, nimeegemea fremu ya mlango, furaha imenijaa.

Mume wangu alikuwa anakusanya mbegu. Nikafuta uso, nikajiandaa, maana nilijua Mama ana neno la kutuma.

"Mkwilima," Mama aliita.

Hakusema mwambie. Hakushusha sauti. Mume wangu akabaki na mbegu kiganjani.

"Panga upya."

"Sawa, Mama," alijibu.

Nami nikabaki nimesimama mlangoni pale, sina wa kumpelekea neno.