Perpetua na Fimbo za Usingizi

Sifa na shukrani ni za Mungu, aliyetuumbia usiku kabla hatujajua kuuomba, akanilinda hata nikastaafu uuguzi nikiwa na akili zangu. Ninayosimulia yananikasirisha hadi leo. Nimeomba sana moyo upoe. Haujapoa.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa katika zahanati ya misheni huku Uluguru, ambako ukungu huingia wodini bila hodi. Nilishika kipimajoto, nikamtikisa mtoto aliyelala. Muuguzi Kiongozi akanidaka mkono.

"Binti, mwache! Joto litakungoja. Usingizi wa mgonjwa ni nusu ya dozi."

Tangu hapo sikumwamsha mtoto kwa kipimo kinachoweza kusubiri.

Miaka ya ruksa, maduka yalipofunguka na kila mtu akawa mfanyabiashara, nilihamishiwa mjini, nikapangiwa afya ya shule huko Kihonda. Kazi yetu ilikuwa kupita madarasani tukikagua macho, masikio, meno na ngozi. Hakuna aliyetuagiza kuuliza mtoto analalaje.

Darasa la tatu nilimkuta Perpetua amepigishwa magoti mbele ya wenzake, mdomo wazi, viganja vimevimba.

"Amefanya nini, Mwalimu Mkuu?"

"Amesinzia. Asiposinzia, anapigana. Huyu mbumbumbu, sista. Muhula ukiisha namrudisha kwao, akakaange mandazi na mama yake."

"Umemuuliza kwa nini anasinzia?"

"Hapa fimbo ndiyo inayouliza."

Nilikwenda kwa mama yake, nikamuuliza mtoto analalaje. Alicheka.

"Huyu? Anakoroma kumshinda babu yake! Tena kuna wakati pumzi inakata, kimya, halafu anashtuka kama aliyezama maji. Bibi yake anasema ni kimeo. Jumamosi tunampeleka kikakatwe."

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni. Desturi ya kuwakata watoto ni ya zamani, lakini ruksa iliipa kibao cha biashara na chumba cha kupanga. Nilishampokea mtoto aliyekatwa hivyo, akavuja damu hadi akatufia mikononi. Nilimwomba mama asubiri, nikaenda kwa mkataji.

"Sista, mbona unaniharibia riziki?" akasema. "Serikali imetoa ruksa."

"Ruksa ya kuuza vitenge, baba, si ya kuchinja koo la mtoto!"

Mama na mimi tulimpeleka Perpetua hospitali. Daktari wa masikio, pua na koo alimchunguza, akatuweka chini.

"Kimeo hakina kosa. Nyuma ya pua kuna nyama zimevimba, zimeziba njia ya hewa. Kila pumzi ikikata, ubongo unamgutusha bila yeye kujua, kwa hiyo hafikii usingizi mzito. Na katika usingizi huo ndipo ubongo wa mtoto unapokua na kuyahifadhi aliyojifunza mchana. Akiachwa hivi miaka, kuna kitakachopotea, na siwezi kuahidi kwamba chote kitarudi."

Mama hakucheka tena. "Kumbe tulikuwa tunamchapa mgonjwa," akasema.

Nyama zilitolewa. Siku chache baada ya kurudi nyumbani, mama alinifuata. "Sista, hakoromi tena, nami naamka kumwekea mkono puani. Kimya kile kinanitisha. Nadhani amekufa, kumbe amelala!"

Kabla muhula haujaisha, niliporudi kukagua, Perpetua alisimama darasani akajibu hesabu. Mwalimu Mkuu alinigeukia akitabasamu.

"Umeona? Fimbo zangu zimefanya kazi."

"Usingizi ndio uliofanya kazi," nikamwambia. "Fimbo zako zilimwongezea mgonjwa maumivu."

Perpetua alibaki shuleni, hilo namshukuru Mungu. Lakini kusoma kulimtoa jasho miaka yote, na mahali alipopaswa kujengeka akiwa mdogo palibaki na pengo. Mwalimu Mkuu hakumwomba msamaha. Alihamishiwa shule kubwa zaidi, akaenda na fimbo yake.

Leo natoka misani na kusikia mzazi akijigamba kwamba amemnyoosha mtoto wake mvivu anayesinzia. Namsimamisha palepale njiani. Namuuliza: analalaje? Anakoroma? Pumzi inakata? Wengine huniona mzee msumbufu. Na nisumbue.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulaze salama na akuamshe na nguvu. Kila mtoto aliye chini ya mkono wako ajaliwe usingizi usiokatika, na mkono huo uwe mwepesi kumfunika shuka kuliko kumpiga. Amina.