Pini Iliyopotea kwenye Goti la Perez

Siku pini ilipopotea, mjinga alikuwa Waswa Mukhwana, na ukifika ufukwe wa Kusa huna haja ya kutafuta shahidi. Atakwambia mwenyewe, huku anacheka, kabla hujamaliza kumsalimia.

Leo ni saa mbili kasoro asubuhi. Waswa amepiga magoti kwenye veranda ya zahanati, mbele ya fremu ya mbao inayomfika kifuani akisimama. Anachomeka paneli ya kwanza chini, bamba jeusi la kunasia picha ya eksirei, lenye ukubwa wa sinia ya chai. Ya pili anaiweka juu, nyuma kidogo ya mwenzake, ili ukingo wa moja uulalie ukingo wa nyingine kwa upana wa vidole vitatu. Anapitisha kidole gumba kwenye maungio. Anapitisha tena. Halafu anaita.

"Mama Seline! Njoo ukague!"

Seline Aloo, fundi cherehani mwenye miaka 58, anakuja polepole, tepu shingoni, kama askari wa trafiki anayelikaribia gari lililojaza abiria. Anainama, anachungulia, anapima maungio kwa kidole chake mwenyewe.

"Leo umeamka vizuri, Baba Nabututu," anasema mwishowe. "Endelea."

Waswa, 41, ni mtaalamu wa eksirei ya kubebeka. Mashine yake inaingia kwenye sanduku moja, paneli mbili kwenye begi la mgongoni, na yaliyosalia hubebwa na dereva wake, Oyugi, pamoja na malalamiko. Siku nne kwa wiki wawili hao huzunguka zahanati za ukanda wa ziwa. Anayeshindwa kuifuata mashine mjini, mashine humfuata yeye: mzee wa kukohoa, mama aliyeteleza akiteka maji, kijana aliyevunjwa mkono na injini ya boti.

Analipwa shilingi 1,400 kwa siku aliyofanya kazi. Siku gari likiharibika, halipwi. Kodi ya nyumba yake katika mtaa wa Manyatta, Kisumu, ni shilingi 6,500, na binti yake, Nabututu, yuko kidato cha pili.

"Mimi sikuanza na mashine," anasema. "Nilianza na kusukuma wagonjwa hospitalini kwenye kitanda cha magurudumu, kibarua cha siku. Nilikuwa nawafikisha mlango wa eksirei, mlango unafungwa. Nikawa najiuliza, kwani huko ndani wanafanya nini hata mtu anatoka akilia ama akicheka?"

Ilimchukua miaka sita ya kubeba magunia soko la Kibuye kujilipia karo ya chuo na kuingia nyuma ya mlango huo. Mwaka wa tatu aliibiwa karo yote, akarudi kwenye magunia. Hilo pia anasimulia akicheka, ila macho yanachelewa kidogo kuufuata mdomo.

Kwa miaka minne alifanya kazi na paneli moja. Inatosha kifua, inatosha mkono. Haitoshi mguu mzima, kutoka nyonga hadi kifundo. Paneli ya pili ilipofika, haikuja na kitu cha kuzishikanisha. Waswa akanunua mbao, akajitengenezea fremu, akaijaribu nyumbani Manyatta kwa mpini wa jembe. Picha ikatoka, mpini umenyooka kama ulivyo. Akaita majirani waje waone.

Tatizo ni kwamba mpini wa jembe ukiukata kipande katikati na kuuunga, bado ni mpini wa jembe ulionyooka. Hilo hakuliwaza.

Ndipo akaja Perez.

Perez ni mjukuu wa kike wa Seline, naye amelelewa chini ya meza ya cherehani, kwenye kibaraza cha soko la Kusa. Miguu yake ilianza kupinda akiwa na miaka minne. Alipofika kumi, matege yalikuwa yamezidi. Magoti yalitazama kila moja upande wake, na akitoka shule alipumzika mara tatu njiani. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa ameichagua miti mitatu ya kupumzikia na kuipa majina.

Madaktari wa mifupa walikuwa wamekubali kumweka kwenye orodha ya upasuaji, kwa sharti moja: picha ya miguu yote miwili akiwa amesimama, nyonga hadi kifundo, bila kukatika popote. Orodha ilikuwa inafungwa siku ileile alipoletwa zahanati, saa kumi na moja jioni. Aliyekosa angengoja mwaka mzima, na kwa mtoto anayekua, mwaka ni mwingi.

Waswa alizipanga paneli zake bega kwa bega, moja juu na nyingine chini, kingo zimegusana vizuri. Akampiga Perez picha. Kompyuta ikaziunga picha mbili zikawa moja safi, bila hata alama ya mshono. Waswa akaigeuza kompyuta ili Seline ajionee. Anakumbuka kwamba alikuwa tayari kupongezwa.

Seline alisogeza uso karibu na kioo.

"Huyu si Perez," akasema.

"Ni nani basi, Mama? Ni chifu?"

Foleni yote ikacheka. Seline hakucheka.

"Huyu ni mfupi. Perez, kutoka nyonga hadi kifundo, ni inchi ishirini na sita. Nimempima sare Jumatatu. Hiyo yako inasema ngapi?"

Kompyuta ilisema ishirini na tano na nukta kidogo.

"Mama, hii mashine ni ya mamilioni. Tepu yako ni ya shilingi hamsini."

"Na ndiyo inamjua mtoto."

Oyugi, aliyekuwa ameegemea mlango, akapiga makofi. Waswa akaanza kueleza habari za mionzi, kwa lugha nzito, ile anayoitumia akiwa hana hakika. Seline akampita, akaenda moja kwa moja kwenye fremu.

"Na hapa umeunganisha aje? Mwisho kwa mwisho? Hata kitambaa cha kufutia meza mimi siungi hivyo. Kimoja lazima kilalie kingine, ndio uzi upate pa kushika."

"Mama, hiki si kitambaa."

"Sawa. Pini ni chuma, si ndiyo? Na chuma si huonekana kwenye hiyo kitu yako?"

Hakungoja jibu. Alivua tepu shingoni, akachomeka pini kwenye kila inchi, ishirini na sita kwa jumla, akaitundika mbele ya fremu. Waswa akamwambia Perez akakae mbali, nyuma ya ukuta, kwa sababu mionzi si ya kumchezea mtoto. Akavaa aproni yake ya madini ya risasi, ya kukinga mionzi, akaipiga picha tepu peke yake. Alitaka tu, anasema, kumaliza maneno ya huyu mama.

Wakahesabu vijistari vyeupe kwenye kompyuta. Ishirini na tano. Waswa akahesabu tena kuanzia chini. Ishirini na tano. Mahali paneli zilipokutana, pini ya kumi na nne haikuwepo.

Kila paneli ina ukingo mwembamba usioona kitu, kama mbao za dirisha zinavyozunguka kioo. Ukiziweka bega kwa bega, kingo mbili zinafanya ukanda kipofu wa karibu sentimita mbili. Kwa Perez, ukanda ule uliangukia gotini, palepale ambapo madaktari walitaka kupima. Na kwa kuwa magoti yake yalikuwa yamepinda tangu zamani, Waswa hakushangaa kuona goti lisilokaa sawa.

"Nilitamani kuingia ndani ya lile sanduku, Oyugi afunge," anasema. "Unajua kilichoniuma zaidi? Mimi naishi chini ya mabati. Hata ni nyumba ya kupanga, paa lake niliezeka upya kwa mikono yangu. Hakuna bati Manyatta halijalalia lingine. Nilijua hiyo kitu, bwana! Nilijua juu ya paa, nikaisahau chini."

Ilikuwa yapata saa sita. Fundi wa mbao aliye karibu alikuwa amekwenda mazishini na funguo zake. Oyugi akang'oa ubao kwenye benchi bovu la zahanati, Seline akaleta vipande vya kaki ya sare, na wakaisukuma paneli ya juu nyuma hadi ukingo wake ukalaliwa na wa mwenzake. Kaki ikawekwa chini yake isichezecheze. Pini zikapigwa picha upya: ishirini na sita. Seline akazihesabu mwenyewe, hakumwamini mtu.

Ikabaki kumrudisha Perez. Alikuwa amesimama sana asubuhi, na miguu ilikuwa inatetemeka. Waswa alipiga magoti ili macho yao yalingane.

"Nikitingishika utanigombeza?" mtoto akauliza.

"Kwanza nijigombeze mimi, ndiye nimekusimamisha bure. Nisamehe, mama yangu."

Perez akafikiri. "Nimekusamehe. Lakini usinichekeshe, nitaanguka."

Alisimama akiwa ameshika vyuma viwili vya kushikilia kando ya fremu, mdomo umekazwa, hadi mashine ikalia. Saa tisa na dakika kumi picha ikatumwa.

Daktari Valarie Wechuli, aliyemfanyia Perez upasuaji, anasema kwa simu kwamba baadaye Waswa alimtumia pia ile picha ya kwanza, bila kuulizwa.

"Ni nzuri mno. Hicho ndicho kinachonitisha," anasema. "Ningeiamini. Ningepanga mahali pa kukata mfupa kwa kufuata goti ambalo nusu yake haipo."

Mguu wa kushoto ulinyooshwa mwaka jana. Leo Perez, sasa miaka kumi na mmoja, amekuja kwa ajili ya picha ya kupangia upasuaji wa mguu wa kulia. Anapanda ngazi za veranda kwa gongo moja, anakataa mkono wa Oyugi, anasimama mbele ya fremu kama mwenye mali. Bibi yake anatundika tepu ya pini kando ya mguu. Waswa anahesabu kwa sauti, Perez anamfuata, na wakifika kumi na nne wote watatu wanapandisha sauti kama watoto wa darasa la kwanza.

Picha inatoka nzima. Seline anaigusa kompyuta kwa ncha ya kidole, pale goti lilipo, kisha anajifuta uso kwa kona ya leso na kusema kwamba kuna vumbi.

Jumanne ijayo Waswa ataisafirisha fremu hiyo hadi Kisumu. Wataalamu 28 wa eksirei kutoka zahanati za ziwani wataketi chini, naye atawaonyesha namna ya kuunganisha paneli. Seline ameshashona tepu thelathini za pini. Waswa anatumaini kwamba kufikia mwakani hakuna mtoto wa ukanda huu atakayesafirishwa mbali kwa sababu tu mguu wake ni mrefu kuliko paneli.

Lakini wakati wa kufunga mizigo, kuna neno moja ambalo hawajakubaliana.

"Omera, ndugu yangu, sikia," Oyugi anasema, akiinua sanduku. "Waonyeshe fremu, waonyeshe pini, keti chini. Hiyo hadithi ya kupoteza goti ya mtoto unaipeleka kwa nini? Bosi atakuwa mstari wa mbele, na mkataba yako inaisha Desemba."

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Waswa hacheki. "Naweza kusema kuna watu hukosea hapo. Bila jina."

"Sasa umeongea. Kuna watu."

"Na wakiniuliza nilijuaje?"

"Ulisoma!"

Seline anarudisha pini kwenye kikopo, moja baada ya nyingine. "Waambie ni wewe," anasema bila kuinua kichwa. "Mtu akisikia 'kuna watu' anajua si yeye. Akiona mwenye alikosea amesimama mbele yake, ataangalia mikono yake."

"Mama, wewe huwajui wale. Kila mmoja ana vyeti ukutani. Watanicheka mpaka nikose pa kupitia."

Kikopo kinafungwa. Seline anamtazama.

"Wakikucheka, utaenda nyumbani kwa miguu yako. Mtoto atakayepigwa picha kama ile yako ya kwanza, yeye ataenda kwa miguu ipi?"