Pombe ya Dévote Yaenda Kinindo

Dévote anatengeneza urwarwa, pombe ya ndizi, nyuma ya nyumba ya mama yake Kinama. Mtu akikuambia kuna nzuri kuliko yake upande huu wa kaskazini wa jiji, muulize kwanza amekunywa nini.

Alikuwa mchumba wa Landry. Wajomba za Landry walikwishakuja kushika mlango, ile ziara ya kwanza ya kuomba binti, wakanywa, wakashukuru, wakaondoka wakiyumba. Kisha Landry akapata kazi kwenye shirika, akapata mashati ya kupiga pasi na msichana wa Kinindo, mtaa wa wenye pesa, aitwaye Danielle, na ghafla Kinama ikawa mahali ambapo hajawahi kufika. Mbele ya wazazi wa Danielle aliapa kwamba hajawahi kuposa popote.

Na bado, pombe ya dot yake, sherehe ya kutoa mahari, alikuja kuiagiza kwa Dévote! Mimi ni jirani. Nilikuwa nimekaa pale na kikombe changu. Alikuja na Mzee Népomuscène, msemaji wa kukodi, mtu anayeweza kuomba chumvi kwa hotuba ya nusu saa.

"Mama wa pombe," alisema Landry, macho ukutani, "tutengenezee bidoni za dot. Watu ni wengi."

Mama wa pombe. Mtu aliyekuwa akimwita *chérie*, mpenzi, hadi simu inazimika.

Dévote hakumtemea mate. Alisema tu, "Sawa, kaka." Hapo ndipo nilipoogopa.

Asubuhi ya dot walirudi na pikapu. Dévote alikuwa ameziba midomo ya bidoni, yale madumu ya plastiki, kwa majani ya mgomba yaliyokunjwa, kama wanavyofanya wote hapa.

"Majani tena?" Landry alikunja pua. "Tunaenda Kinindo, hatuendi kuchunga mbuzi. Kwani vifuniko haviko?"

Dévote akapaza sauti hadi Mzee akageuka. "Kaka, iyi pombe ingali changa, iko inapumua. Usifunge. Na usiiweke ku jua. Nimekwambia mbele ya mzee."

"We utanifundisha mi?"

Akang'oa majani, akakaza vifuniko kwa mikono yake mwenyewe hadi mishipa ikamtoka shingoni. Juu akafunga utepe mweupe.

Nilimvuta Dévote pembeni. "Unamwonya adui?"

"Namujua. Ningemwambia afunge, angeacha wazi."

"Kwa hiyo unataka imwagike tu?"

"Apana. Nataka aniite jina langu. Mbele ya bakwe zake wote."

Walikosa wabebaji, nikapanda nyuma ya pikapu na zile bidoni. Mimi na chuo tuliachana kabla ya diploma, lakini kemia niliyoondoka nayo ilitosha kunitoa jasho. Gesi si kitu kilicholala. Ni chembe zisizohesabika zinazokimbia kila upande na kupiga kuta, na hayo mapigo ndiyo tunayoyaita shinikizo. Zipashe moto, zinakimbia kasi zaidi na kupiga kwa nguvu zaidi. Hamira inayotafuna sukari ya ndizi inaongeza chembe nyingine kila dakika, na bidoni haiongezi chumba. Mwalimu wetu alipenda gesi kamilifu, ile ya vitabuni: chembe zake hazipendani wala hazichukiani, zinagongana na kuendelea na safari bila kupoteza kitu. Basi Dévote si gesi kamilifu. Yeye akigongwa, anakumbuka.

Kinindo, wageni walikaa chini ya hema. Pombe ilipangwa katikati ya ua, juani, ionekane na pande zote mbili, maana haiguswi kabla wasemaji wa pande zote hawajaisemea. Mzee Népomuscène akaanza. Akaanzia kwa ng'ombe, akaingia kwa mababu wa ng'ombe. Msemaji wa upande wa pili hakutaka kushindwa, naye akafuata ng'ombe wale wale hadi malishoni. Mbavu za bidoni zikavimba. Utepe mmoja ukakatika wenyewe.

"Iyi bidoni iko na mimba?" shangazi mmoja alimnong'oneza mwenzake. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Mwishowe Mzee Xavier, baba wa Danielle, akasema pombe ifunguliwe. Landry aliinuka mwenyewe, waone mkwe mwenye nguvu. Akazungusha kifuniko.

Kifuniko kiligonga hema. Povu likafuata, likampata Mzee Xavier kuanzia kola hadi mkanda, likamalizia kwenye nywele alizosukwa Danielle kwa siku nzima.

"Ulinunua wapi kitu hiki?" Mzee Xavier aliuliza, akipangusa macho.

"Si kosa la pombe," Népomuscène aliharakisha kujitoa. "Mi nilisikia yule binti akimwambia asifunge."

Landry, ameloa, watu wameanza kucheka, akapasuka. "Ni Dévote! Dévote amenifanya hivi kusudi! Kwa sababu nilimuacha!"

Kicheko kikakatika.

"Dévote," alirudia Mzee Xavier polepole. "Ulimuacha? We si ulituapia hujaposa popote?"

Landry akainama kuokota kifuniko. Danielle alisimama, akaingia ndani, na mlango ukasikika ukifungwa kwa ufunguo.

Nilirudi Kinama jioni. Dévote alikuwa anakamua ndizi, hakuinua kichwa.

"Alisema?"

"Alipiga kelele. Mara mbili."

"Baba yao alisikia?"

"Alilirudia jina lako mwenyewe."

"Alilirudia namna gani?"

Nikaigiza sauti ya Mzee Xavier, polepole vile vile. Akaniambia nirudie tena, nami nikarudia. Aliacha kukamua, akanawa mikono, akang'oa majani kwenye bidoni iliyobaki. Ikatoa pumzi kidogo, ikatulia.

"Yule Danielle nitamutengenezea ingine, hana kosa," alisema, akinimiminia. "Lakini Landry akija hapa, mwambie mama wa pombe hayuko."