Kinshasa hadi Goma: masaa mawili ya ndege, siku mbili za sufuria ya mama

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu.

Nafanya kazi Kinshasa. Mama yangu yuko Goma, Murara, karibu kabisa na uwanja wa ndege.

Kati ya miji hii ni zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano, na barabara ya maana hakuna. Zamani ndege ya direct ilikula masaa mawili na kidogo. (Goma saa iko mbele kwa saa moja, kwa hiyo ukirudi Kinshasa unajiona umefika haraka ajabu.)

Mama hana habari na kilomita. Yeye alipima kwa maharagi.

Nikipiga simu kusema "nimepanda", anabandika sufuria kwenye babula, jiko letu la makaa. Akisikia ndege inapita juu ya mabati yake, anatia chumvi. Nikifika mlangoni, anaepua.

Halafu vita ikafika Goma, uwanja ukafungwa.

Zaidi ya mwaka sikumwona. Wakuu, nilimkumbuka mama hadi harufu ya jiko la jirani ilinitoa machozi, mtu mzima na ndevu zangu.

Mwishowe nikapata likizo. Njia sasa ni ya kuzunguka: ndege hadi Nairobi, unalala kwenye viti, ndege nyingine hadi Kigali, basi hadi Gisenyi, kisha unavuka mpaka kwa miguu.

Kosa langu ni hili. Nilimpigia kutoka Kinshasa kwa furaha: "Mama, nimepanda ndege!"

Basi. Sikumweleza njia, nisije nikamtia wasiwasi. Na huko nje line yangu haikushika.

Nilifika Murara kesho yake jioni, nikakuta majirani wako nje. Mama Furaha, ambaye mume wake amekwama Kinshasa, alinikimbilia hata kabla ya salamu.

"Ndege yenu ilishukia wapi? Tunaangalia juu tangu jana!"

Kumbe mama aliiambia avenue nzima, yaani mtaa wetu wote, kwamba uwanja umefunguliwa, kwa sababu mtoto wake hasemi uongo.

"Nilipitia Kigali, Mama Furaha."

Akaingia kwake polepole. Niliona aibu kama mwizi.

Mama alikuwa ameketi mbele ya babula, sufuria bado iko motoni. Alinishika uso kwa mikono miwili, akalia. Nami nikalia.

"Mutoto yangu, nilikuwa naongeza tu maji. Nilisema nikiiondosha, hautafika."

Maharagi yalikuwa yamegeuka uji. Akanipakulia, nikaonja.

"Mama, umesahau chumvi."

"Sikusahau. Ndege haijapita."

Nikala sahani yote hivyo hivyo.

Funzo nililopata: mzazi anayekusubiri usimpe neno nusu. Mweleze njia yote, hata kama ni ndefu na inauma. Mimi siku hizi sisemi nimepanda, nasema nimefika wapi.

Nyinyi mlio mbali, kwenu safari yenu waliipima kwa kitu gani? Andikeni hapa chini, nitasoma yote.

Na mwenye habari kuhusu uwanja aiweke pia, ila awe na hakika nayo. Kama ni tetesi, akae nazo. Kuna avenue nzima inaangalia juu.