Kihenge Kilichoingia Shimoni

Mwaka ule wa tisini na nane, mvua za El Nino zilipokatika, niliondoka Ifakara kwa sababu mdogo wangu Donati alisema Jumatatu anaingia shimoni, mbao ziwepo zisiwepo. Shimo lenyewe ni la dhahabu, milimani juu ya Mchombe. Ndilo lililonifukia mimi hadi shingoni na kumuua Stanslaus, mchimbaji mwenzangu. Msiniambie bahati mbaya. Gervas, mwenye shimo, alizing'oa mbao za kuzuia kuta akaenda kujengea baa. Namtaja, na nitazidi kumtaja.

Alhamisi asubuhi nilipanda baiskeli, mguu mmoja ukifanya kazi ya miwili. Mchana nikafika Idete kwa Mama Rede, msukaji wa vihenge, yale maghala ya mianzi ya kuwekea mpunga.

"Shikamoo, mama. Nataka kihenge kirefu, kisiwe na tako."

"Marahaba. Kisiwe na tako! Mpunga wako utakaa hewani?"

Nikamwambia atakayekaa ndani ni mtu anayechimba, kihenge kimzuilie udongo. Akaacha kucheka.

Tulichimba shimo la kufika kifuani uani kwake, tukatumbukiza kihenge kikuukuu, tukashindilia udongo pembeni na kumwaga maji. Kikabonyea kama kofia iliyokaliwa. Nikasema basi, Donati nitamfunga kamba asiingie shimoni.

"Tulia, baba," akasema. "Mpunga unasukuma kwenda nje, ndiyo maana pete za kukikaza nazifunga nje. Udongo wako unasukuma kwenda ndani. Pete zikae ndani."

Ijumaa tukajaribu hivyo, kwa mianzi tuliyokata wenyewe bure. Kikalia kwa kuelemewa, lakini hakikubonyea.

Jumapili mimi na Mama Rede tulifika machimboni na vipande vitano vya kihenge.

"Kaka, umeniletea ghala au jeneza?" Donati akauliza.

"Ingia humo, mjinga wewe."

Jumatatu, kila alipochimba kidogo tulishusha kipande. Alasiri ukuta ukamwagika nyuma ya mianzi, kwa mlio ule ule wa siku yangu. Nikainama ukingoni, nikamwita.

Sauti ikatoka chini: "Mmelala? Vuteni ndoo!"

Nilirudi Ifakara nikijua kwamba mianzi ya bure na siku mbili za kufikiri zingemwacha Stanslaus hai. Gervas alinikuta sokoni.

"Nasikia mna ufundi mpya. Nani anasuka? Nina vijana shimo la pili."

"Nitakupeleka. Lakini kwanza tupite kwa mjane wa Stanslaus, umwambie mbao zilikwenda wapi."

Akainama, akachora chini kwa kidole cha mguu. Nikageuza baiskeli niondoke.

"Anakaa wapi siku hizi?" akauliza.