Mto wa Jambiani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoipa Jambiani mto ambao Mungu hakuipa. Ilikuwa miaka ya hamsini, nikiwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu cha wanawake, hapa mjini. Insha yangu ilihusu kamba za usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi yaliyoozeshwa, na Jumamosi ilikuwa iende kwa mkaguzi. Ikianguka, cheti hakuna, narudi shamba kungoja posa. Na posa zenyewe zilikuwa zimeshaanza kubisha hodi, wacha nisiseme za nani.

Maktabani nilipata kitabu kimoja kinene cha Kiingereza, nikakinakili kwa raha zangu. Alhamisi, mwalimu wetu Bi Rukia akaniita.

"Naam, mwalimu."

"Umeandika makumbi ya nazi hulowekwa mtoni. Kwenu Jambiani kuna mto gani?"

Jambiani ni mawe na bahari.

"Wewe hujapata kufukia makumbi?"

"Nshafukia, Bi Rukia. Pwani, na mama, kila mwaka."

"Basi mbona humu sikuoni? Usiache mbachao kwa msala upitao. Na dibaji ya kitabu umeisoma?"

Sikuisoma. Tulipoifungua, mwandishi kasema wazi kuwa anaeleza habari za Bara Hindi. Kitabu hakikusema uongo, mimi ndiye niliyekihamisha. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akanirudishia karatasi zangu.

"Mkaguzi hajaziona. Kaandike upya."

Mwanangu, nilishusha pumzi mpaka Bi Rukia akacheka. Nilichokuwa nikikitafuta nilikuwa nacho mikononi: shimo la mchangani, mawe juu yake, na ile harufu ya makumbi yakifukuliwa, isiyotoka hata kwa sabuni. Nikaandika hayo, nikayaweka kando ya yale ya Bara Hindi. Insha ikapita, posa zikasubiri.

Basi nisikilize. Ukiingia chuoni, jifunze kwanza kukijua kitabu: kaandika nani, lini, habari za wapi. Mkutubi muulize, kuuliza si ujinga. Ukipanda darasa, kimoja kisikutoshe. Tafuta cha pili na cha tatu, uone waandishi wanapopishana. Na ukifika mwaka wa mwisho, kaa nao kama shahidi mwenzao, ulete uliyoyaona mwenyewe.

Mola akujaalie elimu yenye manufaa, akufungulie kila kitabu utakachokigusa, na siku utakayoandika habari za kwenu, auongoze mkono wako usitie mto pasipo na mto. Amin.