Ndege ya Mabomu Katika Moto wa Vyungu

Ndege zangu tatu za kwanza ziliuawa na mvua. Nilizitengeneza kwa maboksi ya sabuni barazani kwetu Ndandalo, na anayeijua Kyela anajua boksi huku halina maisha. Ya tatu ilikuwa ndege ya mabomu yenye injini nne, niliyoiiga kwenye picha ya simu. Asubuhi moja niliikuta imelegeza mabawa kama kuku mgonjwa. Niliihurumia kweli, maana nilikuwa nimeshaipaka kijani cha jeshi.

Basi nilipopanda mtumbwi kwenda Ikombe kumsaidia mama mkubwa kubeba udongo wa vyungu, nikamtazama anavyofinyanga, nikajiambia: chungu hakiogopi mvua, ndege iogope kwa nini?

Nikafinyanga, tumbo nikaliacha tupu ndani kama chungu. Hatua mbili za ndege ya kweli nikazifanya upana wa kidole kimoja. Nikachora madirisha kwa mwiba, na chini ya tumbo nikachora mlango wa mabomu, mzuri mpaka nikautabasamia mwenyewe.

Siku ya kuchoma ilipofika, nikaipeleka mbele ya vyungu vilivyopangwa juu ya kuni na nyasi.

"Hiki nini?" mama mkubwa akauliza. "Kambale mwenye mikono?"

"Ndege, mama. Ya mabomu. Inapita juu, inafungua tumbo, inadondosha."

"Inamdondoshea nani?"

Madirisha yote nilikuwa nayo kichwani, lakini hilo sikuwahi kulifikiria. "Maadui," nikasema.

"Hao maadui wanapikia nini?"

"Vyungu... nadhani."

"Ehee! Yaani moto wangu uchome kitu cha kwenda kuvunja vyungu vya wenzangu? Ondoa."

Jirani yake aliyekuwa akileta nyasi akacheka mpaka mzigo ukamwanguka. "Dada, mwonee huruma rubani. Tazama anavyoikumbatia!"

Na kweli nilikuwa nimeikumbatia. Mlimani wingu lilishakuwa jeusi. Udongo usiochomwa ukinyeshewa unarudi kuwa tope, na mimi nilishazika ndege tatu.

"Mama, nitaibadilishia mzigo."

"Itabeba nini?"

Nikakumbuka samaki wa jana, aliyepooza kwa kukosa chumvi, tukamla kwa adabu tu.

"Chumvi."

Mama mkubwa akanitazama, akamtazama jirani, kisha akaipokea ndege yangu kama anayepokea mtoto mchanga. Nikashangilia mapema mno. Akachukua kijiti, akatoboa ule mlango wangu wa mabomu: tundu, tundu, tundu!

"Mama, mlango!"

"Chumvi itapita wapi? Halafu umeiziba kote, ingepasuka motoni. Hapo ingekuwa ya mabomu kweli, na vyungu vyangu vingekwisha."

Mgongoni akatoboa tundu kubwa la kujazia. Nilipotoa kopo langu la rangi ya kijani, akalisogeza kwa mguu. "Ya dukani hiyo hailiwi." Akaisugua kwa udongo mwekundu, akazungushia mabawa michoro myeupe ileile ya vyungu vyake. Jeshi lolote lingeikana ndege ile. Mimi nikaiona imependeza, ingawa sikukiri.

Moto ukawashwa. Nikachuchumaa nikisikiliza. Ghafla: pa! Nikafumba macho.

"Chungu changu au ndege yako?" mama mkubwa akauliza.

"Sijui, mama. Naogopa kujua."

Majivu yalipopoa akaichokonoa kwa fimbo ndefu. Vyungu vyote vizima. Ndege nayo ikatoka nyekundu, ngumu, imepoteza injini moja tu. Mvua ikaanza kunyesha palepale, nami nikainyanyua juu makusudi inyeshewe. Maji yakateleza mabawani, yakadondoka. Haikulegea.

"Ndaga, mama!" nikamshukuru kwa sauti iliyofika ziwani.

"Ndaga baadaye. Ijaze."

Mchana nikairusha juu ya sahani ya samaki kwa injini zake tatu, nikinguruma kwa mdomo. Chumvi ikashuka vizuri, chembe kwa chembe.

"Rubani," mama mkubwa akasema, kidole chake kikielekea kichwani mwa samaki, "rudi huku. Huku hujapiga."